Kijiko cha Kilele

Sokoni Lembeni watu walimjua Asnath kwa mkono wake. Aliuza maharage yaliyotoka kwao milimani, Mbaga, na aliyapima kwa kopo. Kopo likijaa hakuishia ukingoni. Alishindilia, akaongeza, kisha akamimina kiganja kingine juu mpaka kopo likawa na kilele. Kwake yeye, muuzaji anayefuta kopo kwa kiganja ili liwe sawasawa alikuwa mtu wa roho mbaya.

"Mimi simpunji mtu," alizoea kusema. "Siku nikiulizwa na Mungu, nitajibu nini?"

Mwezi wa tisa mwaka 1987 aliifunga meza yake. Mke wa mwanawe Hezroni alifariki siku mbili baada ya kujifungua. Alitokwa na damu nyingi, na gari la kumpeleka hospitali lilichelewa. Aliacha mtoto wa kiume, Eliufoo. Asnath alikuwa na miaka hamsini na nane, na alidhani kazi ya kulea vichanga ameshaimaliza. Alifunga khanga yake kiunoni akaianza upya.

Mtoto hakuwa na ziwa la mama. Hospitalini walimwambia Hezroni anunue maziwa ya kopo. Miaka michache nyuma angeyatafuta mpaka achoke, maana maduka yalikuwa matupu na hata sabuni ilipangiwa foleni. Sasa bidhaa zilikuwa zimeanza kurudi. Duka moja mjini Same lilikuwa na makopo ya maziwa ya watoto. Hezroni alileta moja nyumbani kwenye kikapu. Katika ukoo mzima hakuna bibi wala shangazi aliyewahi kutumia kopo la namna ile.

Hezroni alikuwa fundi cherehani. Alishona hapo hapo barazani, kwa hiyo maziwa ya mwanawe aliyatengeneza yeye mwenyewe, kila mara. Alichota unga kwa kijiko kilichotoka ndani ya kopo, akapitisha mgongo wa kisu juu yake, unga uliozidi ukarudi koponi. Ndivyo wauguzi walivyomfundisha. Mtoto alikunywa, akalala, akanenepa.

Lakini bidhaa zilizorudi hazikuja na maziwa peke yake. Mitumba nayo ilijaa sokoni. Watu wakaacha kushona. Cherehani ya Hezroni ilikaa wiki nzima bila kuguswa, na mwezi wa pili mwaka uliofuata akaamua kwenda Ndungu, ambako walitaka vibarua wa kuchimba mifereji ya mashamba ya mpunga.

"Mama, kijiko ukisawazishe kwa kisu," alisema asubuhi ya kuondoka. "Na vyombo vyote uvichemshe."

"Nimelea watoto saba," Asnath alijibu. "Nenda salama, mwanangu."

Agizo la kuchemsha alilishika sana. Kifo cha mkwewe kilikuwa kimemtia hofu kwa ajili ya mtoto, naye alichemsha kikombe, kijiko, hata kisahani cha kufunikia. Agizo la kisu hakulitaka. Alikuwa amemtazama Hezroni akifuta kijiko kwa miezi mitano, na kila mara moyo ulimuuma. Mwanangu amekuwa mkono wa birika, aliwaza, anamfutia kijiko mtoto asiye na mama. Kwa hiyo Asnath alipobaki peke yake alichota unga, akaushindilia kwa kidole, akaongeza mpaka kijiko kikawa na kilele. Alifanya hivyo kwa upendo, na ndiyo sababu simcheki.

Siku ya kwanza mtoto alikunywa vizuri. Siku ya pili alianza kununa. Siku ya tatu alilia tangu asubuhi. Alikunja miguu tumboni, akajinyoosha, akawa mwekundu usoni, akalia tena. Tumbo lilikuwa gumu. Choo kilitoka kidogo, kikavu, vidonge vidonge kama vya mbuzi. Jua la Lembeni lilikuwa kali na bati la nyumba lilikuwa moto.

"Una njaa, mume wangu?" Asnath alimuuliza mjukuu wake, kama bibi wanavyowaita wajukuu wa kiume. Akampa kikombe kingine cha maziwa. Mtoto aliyavamia, akanywa mbio, akalia zaidi.

Jirani yake Chiku alisikia kilio, akaja. Chiku alikuwa mwenyeji wa Singida. Mumewe alifanya kazi kwenye reli. Alikuwa mwanamke mwema, wa kwanza kufika kwenye msiba na wa mwisho kuondoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tazama mwenzangu, mtoto amebadilika ghafla."

Chiku alimchukua mtoto, akamfungua mdomo. Alipitisha kidole juu ya ufizi, akasimama kwenye vivimbe viwili vyeupe, huku na huku.

"Haya ni meno ya plastiki, mama. Unaona hapa? Yasipotolewa, mtoto anakauka mpaka anakufa. Binti yangu Shamimu alikuwa nayo hivi hivi, akaharisha, akalia. Nikampeleka kwa yule anayetoa meno, akatulia. Kesho ni gulio. Atakuwepo."

Asnath alisikia neno "anakufa", mengine hayakumwingia vizuri. Alikuwa ameshamzika mama wa mtoto huyu. Hakuweza kumzika na mtoto, kisha Hezroni arudi kutoka Ndungu akute kaburi dogo karibu na kubwa.

Kesho yake walikwenda. Mtoa meno alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya wauza ndoo. Akina mama wanne walikuwa wamepanga mstari. Asnath akawa wa tano, Eliufoo mgongoni, Chiku pembeni. Mtoto sasa hakulia kwa nguvu. Alikuwa akiguna tu, na midomo yake ilikuwa mikavu.

Mtoa meno alishika spoku ya baiskeli iliyonolewa ncha. Alimwinamia mtoto wa kwanza. Mtoto alipiga yowe, damu ikatoka. Yule mtu aliipangusa spoku kwenye suruali yake, akamwita wa pili.

Asnath alijikuta anasema, "Huichemshi?"

"Nini?"

"Hiyo spoku. Huichemshi kwanza?"

"Mama, hii ni kazi, si mapishi," alisema yule mtu. Mmoja wa akina mama alicheka.

Asnath hakucheka. Kwa miezi mitano nyumbani kwao hata kijiko hakikuingia mdomoni mwa Eliufoo bila kuchemshwa. Sasa yeye mwenyewe alikuwa amesimama na mtoto yule yule, akingoja chuma chenye damu ya mtoto wa watu. Miguu ilimtoa kwenye mstari kabla hajaamua.

"Mama, unakwenda wapi?" Chiku aliuliza. "Utampoteza mtoto."

"Nakwenda zahanati. Wakishindwa wao, nitarudi."

Kwenye zahanati alimkuta nesi Koleta, mwanamke wa makamo, mpole, mwenye sauti ya chini. Koleta alimwamkia, akampokea mtoto. Alipima joto. Hakukuwa na homa. Aligusa utosi, ulikuwa umebonyea kidogo. Alibonyeza tumbo taratibu.

"Anatapika?"

"Hapana."

"Choo kina damu?"

"Hapana. Kigumu tu."

"Mara ya mwisho alikojoa lini?"

Asnath alifikiri. "Jana jioni, labda. Kidogo, tena wa njano sana."

Koleta hakuonyesha wasiwasi, lakini aliacha kuandika. "Tatizo lilianza lini?"

"Juzi."

"Na kabla ya juzi, nyumbani kulibadilika nini? Maziwa ni yale yale? Maji ni yale yale?"

"Kila kitu ni kile kile. Ila baba yake amekwenda Ndungu. Sasa maziwa natengeneza mimi."

"Umekuja na kopo?"

Kopo lilikuwa kwenye kikapu alichokuja nacho. Koleta aliwasha jiko la mafuta ya taa, akachemsha maji, akayaacha yapoe kidogo. "Nitengenezee maziwa, mama, kama unavyofanya nyumbani. Mimi natazama tu."

Asnath alinawa mikono kwa sabuni. Alipima maji sawasawa. Kisha akachota unga, akaushindilia, akaongeza, akakiinua kijiko chenye kilele kizuri. Hakumwaga hata punje. Alikuwa na miaka thelathini ya kupima maharage.

"Simama hapo," Koleta alisema polepole. "Baba yake hupima hivyo?"

"Yeye hufuta kwa kisu." Asnath aliona haya kumsema mwanawe. "Anabana. Mimi siwezi kumpunja yatima."

Koleta alichukua kile kijiko, akakimimina kwenye kisahani. Alichota kingine, akakisawazisha kwa kisu, akakimimina pembeni. Vilundo viwili vya unga vilikaa kando kwa kando. Kile cha Asnath kilikaribia kuwa mara mbili.

"Mama, ukimpa mtu maharage ya ziada, umemfanyia wema. Maziwa haya si maharage. Unga ukizidi, maziwa yanakuwa mazito kupita kiasi. Tumbo linajaa, choo kinakuwa kigumu. Mwili wa mtoto unatoa maji yake wenyewe ili kuyamudu, na yeye anabaki na kiu. Alilia kwa kiu, wewe ukadhani ni njaa. Ukampa nini?"

Asnath alijibu kwa sauti ya kunong'ona. "Mengine mazito."

"Ndiyo. Na usije ukaogopa sasa ukapunguza unga. Yakiwa mepesi, atakonda. Kijiko kiwe sawa na ukingo, basi. Tazama hapa kwenye kopo." Koleta aligeuza kopo. Maandishi yalikuwa ya kigeni, lakini palikuwa na picha ya kijiko na kisu juu yake.

Asnath alikuwa amesoma darasa la elimu ya watu wazima, na alijivunia kusoma. Aliitazama ile picha kwa muda. "Nilidhani anapaka siagi," alisema. Kisha akalia, bila sauti, akajifuta kwa upindo wa khanga. "Nimemtesa mtoto wa marehemu kwa mikono yangu."

"Umemleta kwa miguu yako," Koleta alisema. "Kaa hapa. Hamwondoki mpaka nione anakojoa. Asipokojoa, nawapeleka hospitali Same leo leo."

Alitengeneza maziwa ya kipimo sawa. Alimwonyesha Asnath jinsi ya kumketisha mtoto wima kidogo mapajani na kumnywesha kwa kikombe, kidogo kidogo, akipumzika. Baada ya hapo alimlaza mtoto begani, akampapasa mgongo mpaka akacheua. Alimlaza chali, akaikunja miguu yake na kuinyoosha taratibu, kama mtu anayeendesha baiskeli, ili hewa itoke tumboni.

"Na meno?" Asnath aliuliza. "Jirani yangu ameyaona, meupe."

Koleta alitazama mdomoni. "Hakuna meno ya plastiki, mama. Haya ni meno yake ya kweli, chonge zake, bado yamelala ndani ya ufizi. Kila mtoto anayo. Mtoto akilia kwa sababu yoyote, watu wanafungua mdomo wanayaona, wanayasingizia. Wakiyachimba, mtoto anapata vidonda na maradhi ya damu. Nimewaona waliokufa." Alimpangusa mtoto midomo. "Ukiona homa kali, kutapika kila kitu, choo cha damu, au mtoto amelegea hataki kunywa, usihangaike na kijiko. Mlete hapa mbio."

Wakangoja. Saa sita ikapita. Asnath alishika nepi ya mjukuu wake kila baada ya muda, na kila mara ilikuwa kavu. Alisali kimya kimya, akimtaja mkwewe kwa jina. Saa nane na nusu alihisi joto mapajani. Maji yalimlowesha khanga mbili, yakamwagika mpaka sakafuni.

"Nesi," aliita, "amenikojolea."

Koleta alikuja, akatazama sakafu, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Eliufoo alikuwa amelala usingizi wa kweli.

Hezroni aliporudi mwishoni mwa mwezi alimkuta mama yake jikoni. Alisimama mlangoni na begi lake. Asnath alichota unga, akachukua kisu, akapitisha mgongo wake juu ya kijiko polepole, mara mbili. Hakujua kama anatazamwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nisamehe, mwanangu," alisema bila kugeuka. "Nilikuita bahili moyoni." Akamsimulia yote, hata habari ya mstari wa gulio. Hezroni alikaa chini, akampakata mtoto.

Mwaka uliofuata Eliufoo alikuwa akitembea na akila ugali. Asnath alirudi mezani kwake sokoni. Siku moja mtoto alimng'ata bibi yake kidole. Asnath alimfungua mdomo. Palepale penye vile vivimbe vyeupe palikuwa na chonge mbili, ndogo, zenye ncha.

Alimpeleka kwa Chiku. Chiku alipitisha kidole juu yake, huku na huku. Kisha akamwita binti yake Shamimu, aliyekuwa na miaka mitano, akamwinua uso. Mahali pa chonge palikuwa na mapengo mawili na kovu.

"Yalikuwa haya haya," Chiku alisema. "Nami nilimshika kichwa asitikisike."

Asnath alimshika mkono.

Gulio lililofuata mtoa meno aliketi kwenye kigoda chake kama kawaida. Akina mama watatu walikuwa kwenye mstari. Chiku alikuja na Shamimu, akasimama mbele yao.

"Fungua mdomo, mwanangu," alisema. "Waonyeshe."

Akina mama waliinama, wakatazama. Wa kwanza alimfunika mtoto wake kwa khanga, akauliza njia ya kwenda zahanati.