Bahasha Namba Saba

Jumatatu, saa moja na dakika arobaini asubuhi, Kasian Kalinga alifungua chumba cha seva cha Bodi ya Mbegu ya Nyanda za Juu, mjini Iringa, akakuta skrini nyeusi. Akazima, akawasha. Mashine ikajibu kwamba haioni mfumo wowote wa kuendeshea. Orodha ya wakulima elfu kumi na mbili waliokuwa wakisubiri mbegu za msimu ilikuwa imefutwa, na nakala yake pia, maana diski ya akiba aliiacha imechomekwa kwenye mashine ileile. Kasian akakaa sakafuni na shati lake jeupe, akashika kichwa.

Jumanne saa tatu asubuhi akaingia Evarista Mwaipaja, mkaguzi wa mifumo ya kompyuta kutoka Mbeya, mwanamke mfupi wa miaka hamsini na mmoja asiyependa kupotezewa muda. Meneja, Bwana Amos Kihwele, alimpokea mlangoni kwa salamu ya Kihehe.

"Kamwene, mama. Kazi yako nyepesi," alisema. "Kipande cha kumbukumbu kilichonusurika kinaonyesha akaunti iliyofuta ni ya Kasian, Ijumaa, saa kumi na dakika hamsini na mbili jioni. Kijana alikosa cheo mwezi uliopita, akanuna. Wewe saini tu, Alhamisi kamati inakaa. Yeye tutamkabidhi polisi."

Saini tu! Evarista hakuitoa kalamu. Kamati hiyo ilikuwa iamue kama seva na kompyuta za mezani za ofisi zote za umma za mkoa zihamie kwenye mfumo huria, ule ambao ofisi inaruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kuutumia bila kununua leseni. Bodi ya Mbegu ndiyo iliyokuwa ikiujaribu, na Kasian ndiye aliyeupigania kufa na kupona. Miaka minne nyuma, Mbeya, kulikuwa na jaribio kama hilo na fundi aitwaye Dastan. Seva ilipokufa, Evarista aliambiwa maneno hayohayo, akasaini kwamba ni uzembe wa fundi. Dastan akafukuzwa kazi. Baada ya miezi mitano Evarista akagundua kuwa tatizo lilikuwa umeme wa jengo, si mtu wala mfumo. Akanyamaza. Mpaka leo, akipita soko la Mwanjelwa ambako Dastan anatengeneza simu, huvuka barabara wasionane.

"Sisaini nisichokiona," alimwambia meneja. "Niitie huyo kijana."

Kasian aliingia, macho mekundu.

"Ijumaa jioni ulikuwa wapi?"

"Tosamaganga, hospitali. Mama yangu amelazwa. Niliondoka saa tisa."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Meneja alikuwa safarini. Aliniruhusu Mama Verediana wa masijala. Tena yeye ndiye aliyenihimiza. Alisema, nenda mwanangu, kazi haziishi."

"Ukiwa huko uliingia kwenye seva?"

"Hapana."

Evarista alifungua daftari lake bila haraka. "Akaunti yako iliingia saa kumi na dakika ishirini."

Kasian alitoa simu yake, akaiweka mezani. "Niliingia kwa simu nikaangalia kama iko hewani, nikatoka. Niliogopa kusema. Lakini hiyo saa ya kufuta si mimi, dada, naapa! Nilikuwa namlisha mama uji."

"Nani alikuona?"

"Mama mwenyewe."

Mungu wangu. Mtu hana hatia labda, halafu anadanganya jambo dogo na kujitia kitanzi mwenyewe. Evarista alitamani kumzaba kofi na kumkumbatia kwa wakati mmoja.

"Nenosiri lako nani mwingine analijua?"

"Hakuna. Lipo kwenye bahasha iliyofungwa masijala, ndio utaratibu. Nikifa leo, ofisi isikwame."

Mezani kwa Kasian kulikuwa na kijitabu cha mafunzo ya mfumo mpya. Ukurasa wa tisa ulikuwa na kisanduku chekundu: *Amri hii inafuta kila kitu. Usiiandike kamwe.* Ndiyo amri iliyotumika Ijumaa, herufi kwa herufi, kama kile kipande cha kumbukumbu kilivyoonyesha.

"Kijitabu hiki nani anacho?"

"Wafanyakazi wote. Niliwagawia Septemba, kwenye mafunzo."

Evarista alikwenda masijala kuchukua jalada la Kasian. Mama Verediana Mwalongo, aliyetunza majalada hayo miaka ishirini na saba, alimsukumia rejista kubwa yenye gamba la kijani kabla hata ya kuitikia salamu.

"Andika jina, saa, na namba ya jalada. Humu hata tangazo la msiba halitoki bila kuandikwa."

Evarista aliandika. Pembeni mwa rejista aliona kijitabu kilekile cha mafunzo, kimechakaa, kila ukurasa umeandikwa kwa penseli. Ukutani, kwenye misumari, zilining'inia funguo za vyumba vyote.

"Yule mtoto hana kosa," Mama Verediana alisema ghafla. "Uandike hivyo, mwanangu. Tafadhali."

Saa saba mchana Evarista alikuwa mtaa wa Mlandege, dukani kwa Shamsudin, muuza kompyuta aliyeuzia nusu ya ofisi za mji leseni za mfumo wa kulipia. Ijumaa alikuwepo pale Bodi.

"Mfumo huria ukipita, unapoteza wateja," Evarista alimwambia.

"Wa leseni, ndiyo," Shamsudin alicheka. "Lakini kibodi, feni, printa, si zitakufa vilevile? Zikifa zinaletwa kwangu. Mimi Ijumaa nilipeleka wino, nikasaini kutoka saa kumi na robo, nikarudi hapa kabla mvua haijashuka. Muulize jirani."

Jirani, fundi cherehani, alikubali: Shamsudin alikuwa dukani mpaka jioni, tena alimsaidia kuingiza vitambaa ndani mvua ilipoanza. Kitabu cha wageni nacho kilikuwa na saini yake. Akabaki Kasian peke yake, na Evarista akaona karatasi ya Mbeya ikimjia machoni, na saini yake chini.

Saa tisa alirudi ofisini. Wingu zito lilikuwa limefunika mji, likanguruma. Mara Mwanakhamisi, mhudumu wa ofisi, akapita mbio chumba hadi chumba akichomoa nyaya ukutani.

"Wewe! Kulikoni?"

"Radi hiyo, dada! Mimi radi siichezei. Ikinguruma tu nachomoa kompyuta, birika, na kile kisanduku cha intaneti. Seva tu ndiyo siigusi, imefungiwa, nayo ina betri yake."

Evarista alimshika mkono. "Na Ijumaa?"

"Weee! Ijumaa ilikuwa balaa. Saa kumi na nusu nilishachomoa kila kitu. Kisanduku nimekirudishia Jumatatu asubuhi."

Evarista alisimama palepale koridoni. Tangu saa kumi na nusu ofisi haikuwa na intaneti. Mtu wa Tosamaganga, mtu wa Mlandege, hata wa Ulaya, asingeweza kuifikia seva ile saa kumi na dakika hamsini na mbili. Aliyefuta alisimama mbele yake.

"Saa hiyo nani alikuwa humu?"

"Mimi nilikuwa jikoni nimeziba masikio. Mwingine aliyebaki ni Mama Verediana tu, upande wake wa masijala."

Jumatano saa nne asubuhi Evarista aliingia masijala na meneja na Kasian, akafunga mlango. Mama Verediana alisimama, kisha akakaa tena.

"Mama, naomba rejista."

"Ya nini?"

"Uliniambia hakuna kinachotoka humu bila kuandikwa. Nimekuamini."

Aliifungua kwenye tarehe ya Ijumaa. Mwandiko ulikuwa wa kike, ulionyooka. Akasoma kwa sauti: "Bahasha namba saba, nenosiri la seva. Imetoka saa kumi na dakika arobaini na moja. Imerudi saa kumi na moja na dakika tano. V.M."

Meneja aliguna. Kasian akamtazama yule mama kana kwamba hamjui.

"Kwa nini uliandika?" Evarista aliuliza taratibu.

"Sijui. Mkono uliandika wenyewe." Mama Verediana alivua miwani. "Kwenye mafunzo nilishindwa hata kuona pa kuchapia barua. Watu wakacheka. Kasian naye akacheka. Nikakisoma kijitabu kila siku mpaka macho yakauma, na bado hakiingii. Nina miaka miwili nistaafu. Nikajua mfumo huo ukipita nitaitwa bibi asiyefaa kitu. Nikasema, ikifa hiyo mashine, tutarudi kwenye ile niliyoizoea. Amri nikainakili herufi kwa herufi kutoka kile kisanduku chekundu. Fomu za wakulima ninazo zote kabatini, hakuna ambaye angekosa mbegu."

"Na Kasian?"

"Nilimwondoa makusudi aende kwa mama yake, lawama isimguse!" Alifuta miwani kwa ncha ya khanga. "Sikujua mashine inaandika jina la mwenye nenosiri. Nilidhani ni kama ufunguo. Ufunguo hauna jina. Jumatatu nilipowasikia wakimtaja, nilitaka kusema. Kila nikifungua mdomo naona haya. Siku mbili nimemwacha mtoto wa watu ateseke."

Kasian alikuwa analia. "Kweli nilicheka, mama," alisema. "Nisamehe. Tena diski ya akiba niliiacha pale mimi."

Mama Verediana aliandika maelezo yake kwa mkono wake, akaweka tarehe na saa. Meneja alimsimamisha kazi akisubiri kamati ya nidhamu. Kabla ya kukabidhi funguo aliomba nusu saa, akazipanga fomu za wakulima kata kwa kata juu ya meza ya Kasian ili aanze kuziingiza upya.

Alhamisi Evarista aliiambia kamati waziwazi: mfumo haukushindwa, walioshindwa ni watu walioacha ufunguo na bahasha chumba kimoja, wakaiacha akiba kwenye mashine ileile, wakamcheka aliyehitaji kufundishwa. Kamati ikaupitisha mfumo huria, kwa sharti mafunzo yarudiwe upya kwa kila mfanyakazi. Meneja alimpa mkono akamsifu sana. Sifa hizo zilimchoma. Yule mama aliona haya siku mbili, na bado aliandika ukweli kwenye rejista yake. Yeye Evarista alikuwa ameona haya miaka minne, na hakuandika popote.

Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi za jengo, akatoa barua aliyoiandika usiku uliopita kwenda kwa mwajiri wake Mbeya, akaisaini. Kisha akapiga namba ambayo hakuwahi kuifuta.

"Haloo, fundi simu hapa."

"Dastan, ni Evarista. Mkaguzi." Akaendelea bila kupumzika. "Ile taarifa ya Mbeya nilikosea. Ulikuwa umeme. Nilijua, nikanyamaza. Leo nimesaini barua ya kukiri."

Upande wa pili Evarista alisikia kelele za soko, na mtu akiuliza bei ya chaja.

"Subiri," Dastan alisema mwishowe. "Nina mteja."

Hakukata simu. Evarista aliishikilia sikioni kwa mikono miwili, akasubiri.