Fundi Viatu Aliyemwonea Wivu Mbwa

Fundi viatu alifanyia kazi sebuleni, karibu na mlango wa uani. Pembeni yake palikuwa na rafu ya viatu vya wateja. Chini ya meza walilala mbwa wake wawili wakubwa. Dume aliitwa Bosi. Jike mzee, aliyekoroma kama mtu, aliitwa Shangazi.

Mke wake alikuwa mkunga. Alitoka asubuhi na kurudi jioni. Akirudi, alimsalimu mumewe kwanza, kisha walikaa na kusimuliana ya siku nzima. Fundi aliipenda saa hiyo kuliko zote.

Siku moja mkunga alirudi na mtoto wa mbwa ndani ya mkoba. Mwenzake wa kazini alikuwa anahama, akamwachia. Mbwa huyo alikuwa wa aina ndogo kabisa, wale ambao hata wakikua hubaki wa kubebwa kwapani. Umri wake ulikuwa miezi mitatu. Angeweza kuingia mzima ndani ya kiatu namba arobaini na tatu.

"Mume wangu, hebu mwone! Nimempa jina la Kifungo."

"Huyu ni mbwa au panya?" fundi aliuliza.

Tangu siku hiyo, mkunga akifungua mlango alisema, "Kifungo wangu yuko wapi?" Fundi alihisi moyo unamchoma. Lakini aliendelea kushona. Mwanamume mzima atasemaje kwamba anamwonea wivu mbwa?

Kifungo alikojoa kwenye zulia. Alikojoa nyuma ya kochi. Kila jioni mkunga alipiga deki, amechoka hoi.

"Mbwa wako hafundishiki," fundi alisema.

Ukweli aliujua mwenyewe. Mchana alimwona Kifungo akinusa sakafu, akizunguka, kisha akitazama mlango. Mlango ulikuwa hatua mbili tu. Fundi aligeuza uso, akaendelea kugonga msumari.

"Akojoe tu," alijisemea. "Arudishwe alikotoka."

Alhamisi moja jioni, fundi alikuta buti za mteja zimelowa mkojo. Zilikuwa kwenye rafu ya pili.

"Basi, imetosha!" alifoka. "Sasa ananiharibia kazi!"

Mkunga alimpakata Kifungo. Machozi yalimlengalenga. "Nitamtafutia watu wengine wa kumlea," alisema kwa sauti ndogo.

Fundi alidhani atafurahi. Badala yake, alisukuma sahani yake pembeni.

Kesho yake asubuhi alikuja daktari wa wanyama kumchanja Kifungo. Alikuwa mama wa makamo, mcheshi, rafiki wa mkunga. Mkunga alimweleza yote. Daktari alichutama mbele ya rafu. Akamsimamisha Kifungo kando yake.

"Shemeji," alimwambia fundi, "huyu mtoto hafiki hata rafu ya kwanza. Alikojoaje kwenye ya pili? Alipanda ngazi?"

Fundi alikodoa macho. Bosi alijikunyata chini ya meza.

"Ni Bosi?"

"Ni Bosi. Ananusa mkojo wa mgeni ndani ya nyumba yake. Naye anaweka alama yake juu, kusema hapa ni kwangu. Nitampima kwanza, maana wakati mwingine ni ugonjwa." Alimpima. "Mzima huyu. Ana wivu tu."

Fundi aliweka nyundo chini.

"Mke wangu, nimekosa. Kifungo huwa anaomba mlango. Namwona, simfungulii."

"Kwa nini?"

"Ukiingia, unamwita yeye. Mimi hunioni."

Mkunga alichukua tambaa la deki, akamtupia. "Yaani mimi nadeki mikojo kila siku, kumbe wewe unakaa unaangalia? Leo deki ni yako!"

"Na mimi nitamsimamia," daktari alisema, akijizuia kucheka. "Usitumie dawa ya kusafishia yenye harufu inayofanana na mkojo. Itawaita warudie palepale. Osha kwa maji na sabuni, kisha futa kwa siki iliyochanganywa na maji, halafu kausha."

Fundi alipiga magoti, akasugua.

"Na Kifungo je, nimfanyeje?"

"Kibofu chake ni kidogo sana. Hawezi kubana mkojo muda mrefu. Mtoe nje kila saa akiwa macho. Mtoe akiamka, akishakula, na akimaliza kucheza. Mpeleke mahali palepale kila mara."

"Si atoke tu na wenzake?"

"Hapana. Akiwa nao atacheza na kusahau kilichompeleka. Mtoe peke yake, kwa kamba. Akimaliza tu, msifu na umpe kipande kidogo cha nyama palepale. Akikojoa ndani, usimpige, wala usimsugue pua kwenye mkojo. Atajifunza kukuogopa na kujificha. Usipoweza kumwangalia, mweke ndani ya uzio mdogo wenye kitanda chake."

"Na Bosi?"

"Mpe chakula kwanza. Tembea naye peke yake kila siku. Aone kwamba hajasahauliwa." Daktari alimgeukia mkunga. "Na wewe, dada, ukiingia..."

"Nimesikia, nimesikia," mkunga alisema. Kicheko kilimponyoka.

Fundi alijenga uzio wa mbao karibu na meza yake. Wiki ya kwanza alichoka. Alikuwa anashona soli, mara anainuka, mara anarudi. Siku mbili alichelewa, na sakafu ikalowa. Alisafisha kimya kimya, akaanza tena. Bosi naye alitembezwa kila asubuhi, na alama kwenye rafu zikakoma. Wiki ya sita, Kifungo alikwenda mwenyewe mlangoni, akakwaruza mbao. Fundi alimwangushia mteja kiatu mapajani, akakimbia kumfungulia.

Siku moja jioni mvua kubwa ilinyesha. Kifungo alikwaruza mlango, akatazama maji, akarudi nyuma. Fundi alichukua mwavuli pekee wa nyumba, akatoka naye uani. Alisimama ameinama, mgongo umelowa chapachapa, mwavuli ameushikilia juu ya kile kimbwa.

"Fanya haraka, baba," alimbembeleza. "Usiogope, mimi nipo."

Geti lilifunguka. Mkunga aliingia akichuruzika maji kichwani mpaka miguuni. Alimtazama mumewe, akautazama mwavuli, akamtazama Kifungo aliye mkavu kabisa.

"Haya," alisema, mikono kiunoni. "Na mimi je?"