Mabati ya Kifanya

Maiti ya Mwalimu Efraimu ilikutwa asubuhi yenye ukungu, ndani ya nyumba yake isiyoezekwa, mtaa wa Ramadhani, mjini Njombe. Alilala kifudifudi. Daktari alisema alipigwa kisogoni kwa kitu kizito. Pembeni palikuwa na chepeo la kuchotea mchanga, lenye damu.

Inspekta Salha Issa alianza na mjane, Tabea. Tabea alieleza kwamba mumewe aliomba benki mkopo wa kumalizia nyumba, akaiweka rehani nyumba hiyohiyo. Juzi alikataliwa. Benki iligundua ana deni kubwa Makambako, kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Sudi. Tangu serikali iruhusu biashara huria, Sudi alikuwa akiwapa watumishi wa serikali kadi za kuchukulia bidhaa kwa mkopo.

Salha akaenda Makambako. Sudi hakuficha kitu.

"Kadi ya mwalimu ilichukua nini?"

"Mabati, afande. Ya nyumba nzima."

"Alikuja mwenyewe?"

"Alikuja mdogo wake, Aron. Alisema katumwa."

Nyumba ya marehemu haikuwa na hata bati moja. Salha akageuza gari kuelekea kijiji cha Kifanya, kwa Aron. Katikati ya nyumba za nyasi, moja iling'aa kwa mabati mapya. Aron alikuwa ameketi kizingitini. Alipoiona sare ya polisi, hakuinuka.

"Kaka yako alikupa kadi ununue nini?"

"Misumari."

"Na mabati?"

Aron akasema baba yake Erica, mchumba wake, alikataa katakata binti yake aolewe kwenye nyumba ya nyasi. Aron alidhani angelipa kidogokidogo akiuza mbao, kaka yake asijue. Hakujua kwamba benki huulizia madeni.

Jana jioni Efraimu alimwita kule Ramadhani. Hakumgombeza. Alimwambia mabati yashushwe, yauzwe, deni lipungue, ili aombe tena mkopo. Aron alimsihi asubiri harusi ipite. Efraimu akakataa.

"Ukampiga."

"Alinipa mgongo, anachukua koti lake. Akilini nikamwona Erica anabaki kwao. Chepeo lilikuwa karibu."

Salha alimfunga pingu, akamuuliza kama marehemu alisema lolote zaidi.

Aron alitazama chini.

"Chepeo likiwa juu tayari, alisema nioe tu. Nyumba yake ikiisha, chumba cha mbele ni changu na mke wangu."