Mgeni Ndani ya Filamu ya Bibi

Mwaka ule wa 1998, siku zangu za shule zilianza kwa sauti ya Bibi Euphrasia. Mama alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku, na alirudi nyumbani kwetu Woodbridge, nje kidogo ya Washington, wakati mimi navaa viatu. Kwa hiyo Bibi ndiye aliyeniamsha, akanichemshia uji na kunikaripia nilipomjibu kwa Kiingereza.

"Dorothea, uji unapoa."

"Okay, Bibi."

"Sikupanda ndege kutoka Bukoba nije kuambiwa okay," alisema huku akitabasamu.

Bibi alikuja kutibiwa moyo. Upasuaji ulipangwa Jumanne ya mwisho ya Oktoba, nami niliogopa sana. Hofu hiyo nilimwambia Mzee Silvanus peke yake, rafiki wa familia yetu. Zamani alikuwa na studio ya picha Bukoba. Sasa alifanya usafi wa maofisi mjini Washington, na chumba chake mtaa wa Shaw kilijaa lenzi na projekta.

"Mpige filamu," aliniambia. "Ukimwona anatembea ukutani, roho itatulia."

Jumamosi moja tukakuta kamera ya filamu kwenye meza ya vitu vikuukuu vilivyouzwa mbele ya nyumba ya jirani. Mzee Silvanus aliuzungusha ufunguo wake, akaisikiliza mashine, akachungulia lenzi kama ina ukungu. Akasema inafaa, akaninunulia.

"Lakini humu kuna mkanda wa watu," alinionya. "Utoe. Pangusa njia ya filamu kwa brashi laini, kisha weka huu." Akanipa mkanda mpya aliokuwa ameutunza kwenye jokofu lake.

Mimi na kiherehere changu! Jumatatu niliupeleka mkanda ule mpya shuleni kuwaringia wenzangu, nikauvuta wote juani. Filamu ikipigwa na mwanga kabla ya wakati wake haifai tena. Niliutupa kwenye pipa la taka. Nyumbani nikaurudisha mwanzo ule mkanda wa zamani uliokuwamo, nikaanza nao upya. Brashi sikuigusa.

"Umeweka mkanda mpya?" Mzee Silvanus aliniuliza kwa simu.

"Ndiyo, Mzee."

"Umepangusa?"

"Ndiyo."

Nilimpiga Bibi sebuleni akikunja kanga na akipokea kikombe cha chai kutoka kwa Mama. Mkanda ukapelekwa kusafishwa, ukarudi kwa posta siku tatu kabla ya upasuaji.

Jumapili alasiri Mzee Silvanus alileta projekta. Tulifunga mapazia na kutundika shuka ukutani. Bibi akatokea pale akikunja kanga, sote tukacheka. Kisha Mama akaacha kucheka.

Nyuma ya kiti cha Bibi alisimama mwanamke mwenye kitambaa cheupe kichwani. Pazia letu lilionekana kupitia kifua chake. Siku ile hatukuwa na mgeni, hilo nilikuwa na hakika nalo. Mwanamke alitembea, akapita katikati ya meza, na meza haikumzuia. Aliinama kando ya Bibi akicheka bila sauti, akamnyooshea sahani. Na Bibi, pale kwenye shuka, akanyoosha mikono yote miwili akapokea.

"Zima," Bibi alisema. "Huyo ni dada yangu Anna."

Anna alifariki kabla Mama hajazaliwa. Na kwetu hata mtoto mdogo anajua kwamba marehemu akikupa chakula usikipokee, maana ukipokea umekubali kumfuata.

"Nimeshapokea," Bibi alisema kwa upole. "Mmeniona nyote."

Jioni hakula. Alitoa kanga mpya kwenye sanduku, akamwambia Mama ndiyo ya kumzika nayo. Alisogeza kiti kingine karibu na chake, akasema ni cha Anna. Mama alilia, akamkumbusha kwamba daktari alisema bila upasuaji moyo hautafika Krismasi. Bibi akasema hatakwenda hospitali. Mimi nilikipita kile kiti mgongo ukiwa ukutani, vinyweleo vimenisimama.

Jumatatu nilipotoka shule niliuchukua mkanda, nikauinua dirishani na kuutazama kwa kioo cha kukuzia. Nilimwona yule mwanamke. Kando ya magoti yake palikuwa na mtoto mwenye buti nyekundu, na nyuma yao uzio wa mbao. Sisi hatukuwa na uzio, wala mtoto wa namna hiyo. Hapo ndipo nilipoelewa. Mkanda ule ulikuwa tayari na picha za watu, nami nilimpiga Bibi juu yao.

Niliketi kitandani na mkanda mapajani. Nikisema, uongo wangu wote utajulikana. Nikawaza nitasema baada ya upasuaji. Jamani, ujinga! Upasuaji gani, na Bibi amekataa kwenda?

Nilimkuta Mzee Silvanus sebuleni akimsihi Bibi akubali upasuaji. Nikapiga magoti mbele ya Bibi na kueleza yote, tangu mkanda nilioutupa hadi simu niliyodanganya.

"Mjukuu wangu," Bibi alisema, "unasema hivyo ili nikubali kupasuliwa. Uliyemdanganya Silvanus mara mbili, mimi nitakuaminije?"

Maneno hayo yaliniuma kuliko kofi.

Mzee Silvanus hakunikaripia. Aliuliza, "Ulipiga mkanda wote?"

"Hapana. Kamera ilikwama kabla ya mwisho."

"Vumbi ambalo hukulipangusa. Na jana tulizima katikati. Basi mwishoni wamo wale wa mkanda wa zamani peke yao."

Tulifunga mapazia tena. Bibi alijifunika uso kwa kanga. Mwanamke alitokea, akapita mezani, akatoa sahani yake, na mwili wangu ukapata baridi ingawa nilijua ukweli. Mara sebule yetu ikatoweka kwenye shuka. Mwanamke akabaki, mzima, juani, Mmarekani mweusi mnene kiasi, akikata keki ya mishumaa na kuwagawia watoto waliovaa kofia za karatasi. Yule wa buti nyekundu alijipaka krimu puani.

Bibi aliteremsha kanga polepole. Alitazama mpaka mkanda ukaisha.

"Kidevu kirefu hivyo," alisema. "Anna hakuwa na kidevu." Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio. Mama akamkumbatia.

Kesho yake, Jumanne, alikubali kwenda hospitali, wakampasua kwa saa sita. Siku ya tatu ndipo sauti yake iliporudi, nayo akaitumia kuniita karibu na kitanda.

"Mkanda kuharibika lilikuwa kosa dogo," aliniambia. "Ungesema siku ile ile, Silvanus angefoka kidogo, yakaisha. Njia ya mwongo ni fupi, Dorothea, lakini yako ilitaka kupitia kaburini kwangu. Siku nyingine ukiharibu kitu, sema kabla jua halijazama."