Picha ya Korongoni

Walikutana Dubai, mtaa wa Al Rigga, kwenye foleni ya shawarma iliyoziba njia nzima ya waenda kwa miguu. Teresiah, mlinzi wa duka la nguo, alikuwa bado na sare yake ya buluu na viatu vyeusi vilivyombana tangu asubuhi. Kijana mrefu wa kanzu nyeupe akapenya mbele yake.

"Wewe na hiyo kanzu safi, foleni huioni?"

Kijana akageuka, akacheka. "Ala! Kumbe Mswahili mwenzangu! Pita, dada, na shawarma nakununulia mimi."

"Nani ameomba? Nipishe tu."

Khelef, jina lake. Wazee wake wa Unguja, yeye kazaliwa Bur Dubai. Wiki iliyofuata basi la wafanyakazi kutoka mabweni ya Al Qusais, alikoishi Teresiah, likapata dereva mpya, na nani yuko kwenye usukani? Yeye huyo. Basi zima lilijua wanapendana kabla wao wenyewe hawajajua.

Miezi minane mapenzi yakanoga, ila kwa siri. Mama yake Khelef, Bi Hilwa, alikwisha kumchagulia binti wa mjomba, na habari ya mkwe anayekwenda kanisani hakutaka hata kuisikia.

"Unanificha kama sigara," Teresiah alimtania kwenye simu, lakini sauti haikucheka.

"Jumanne si siku yako ya mapumziko, mpenzi? Nimeshaomba ruhusa. Nakupeleka kwenye hifadhi ya korongo la milimani, njia ya Hatta. Huko utajua kama nnakuficha."

Jumatatu jioni msimamizi wa Teresiah kazini, Bassam, akayafuta mapumziko hayo. Teresiah hakumwambia Khelef, alijua angeahirisha. Asubuhi alimpigia Bassam, akakohoa, akasema ana homa.

Korongoni kuta za mawe zenye rangi ya kutu zilipanda pande mbili hadi mbingu ikabaki utepe. Walishuka kwa kamba, wakavuka vidimbwi vya baridi vilivyojaa vyura wadogo, Teresiah na suruali yake ya michezo ya zambarau imelowa hadi magotini. Juu kabisa mbuzi wa milimani alisimama kwenye ukingo usiotosha kuweka sahani.

"Woi, ataanguka!"

"Haanguki. Hapo ndipo kwao."

"Bahati yake, ana kwao."

Khelef akatoa simu. Akamvuta, mashavu yakagusana, akapiga picha, mbuzi juu yao. Kisha, bila kumwambia, akaiweka kwenye stetasi ya WhatsApp: *Ndiye huyu, mama.*

Korongoni hakuna mtandao. Picha ilitoka walipofika barabara kuu. Ikamfikia Bi Hilwa. Ikamfikia na Bassam, ambaye kila asubuhi humpigia Khelef kuuliza basi liko wapi, na namba zao wamehifadhiana.

"Homa imepoa?" Bassam aliuliza kesho yake, akamgeuzia Teresiah simu yenye ile picha.

Khalas. Kazi ikaisha, viza ikafutwa. Teresiah aliona jambo moja tu: aliyemchoma ni Khelef. Akamfungia kwenye simu. Khelef akapiga kwa namba za watu wiki tatu; Teresiah akisikia sauti yake, anakata.

Asubuhi ya safari ya kurudi kwao, uwanja wa ndege, mtu akapenya katikati ya masanduku hadi mbele yake. Kanzu imekunjamana, ndevu hazijachongwa.

"Foleni huioni?" Teresiah alisema, bila kutabasamu.

"Ungeniambia ulisema unaumwa, Tere. Mimi nilitaka mama akuone. Basi."

Teresiah akalisogeza sanduku lake mbele. Uongo wa ile homa ulikuwa wake, si wa Khelef.

"Na alisemaje?"

"Kanifukuza. Nalala kwa rafiki."

"Kumbe tumefukuzwa sote." Akacheka, machozi yakamtoka.

"Nitakuja kwenu. Nitakuoa."

"Usiniahidi kitu hapa, Khelef. Hapa kila mtu anaahidi."

Sanduku lake likawekwa kwenye mzani. Khelef akainua simu, akaishusha.

"Piga," Teresiah akasema, akimwegemezea shavu. "Na uiweke stetasi. Sasa hakuna wa kunifukuza."

Wa kwanza kuiona alikuwa Bi Hilwa. Hakuandika neno. Teresiah alikuwa ameshapita ndani, kuelekea kwenye ndege.