Kifuniko chenye Tausi

Je, wewe ungefanyaje ukimsikia mchumba wako akiongea kwa mahaba na mtu asiyeonekana?

Sorath alikutana na Sarang sokoni Shahi, pale Hyderabad ya Sindh, nchini Pakistan, wauza bangili wakiwa wamefurika njia nzima. Sorath alivaa shalwari nyeupe, suruali pana, na bangili za kioo za kijani, akisindikiza mkokoteni wa vifuniko vya mbao kuukuu. Mkokoteni ukamkumba Sarang, vitabu alivyobeba vikamwagika.

"Dada, unahamisha nyumba au unahamisha mji?"

"Nahamisha upepo. Wewe okota vitabu vyako."

Sorath ndiye aliyechora maktaba mpya ya mji. Alikataa mashine za kupoza hewa, maana umeme ukikatika watu huiva humo ndani kama mikate. Alijenga kuta nene za udongo, na juu ya paa akasimamisha minara ya upepo kama ya nyumba za zamani, ile inayoukamata upepo wa baharini na kuuteremsha mpaka chumbani. Vifuniko vya minara alivitoa kwenye nyumba zilizobomolewa, asikate mti mwingine. Na Sarang, kumbe, ndiye mtunza vitabu aliyeajiriwa humo.

Wakapendana. Simu zikawa hazipoi. Huyu anamwita mwenzake Bibi Upepo, yule anajibu Bwana Vumbi. Sarang alikuwa amefiwa na mke, Mumal, ila kifo chenyewe hakukisimulia. Aliahidi kwamba maktaba ikifunguliwa tu, atamtuma shangazi yake kwenda kuposa.

Maktaba ikafunguliwa. Shangazi hakuja.

Kikaja kitu kingine. Kifuniko kimoja, kilichochongwa tausi mwenye jicho lililobanduka, kiligonga hata siku upepo umetulia, tok, tok, na harufu ya hina ikashuka juu ya benchi lililo chini yake. Wasomaji walilihama benchi lile. Sarang ndiye aliyelikalia.

Jioni moja Sorath alipanda paani kukagua bawaba. Kutoka ndani ya mnara ikapanda sauti ya Sarang, laini, ile aliyodhani amewekewa yeye peke yake: "Mpenzi, nipo. Huyu mwingine hajui kitu."

Sorath alishuka bila kukagua bawaba. Tangu hapo Sarang alipiga simu mpaka akachoka; Sorath hakupokea.

Siku ya dhoruba ya vumbi, anga likiwa jekundu kama tofali, ilibidi apande kuifunga minara. Alifunga yote, ukabaki wa tausi. Sauti ikapanda tena.

"Mumal, kifuniko hiki cha nyumba yetu nilikijua mara tu nilipokiona. Ulikuwa ukiniita kupitia hapa, chakula tayari. Nami nikauziba mnara wetu kwa saruji, niweke mashine ya kupoza hewa. Umeme ukakatika, wewe ukanililia hewa, hewa haikuwepo. Sasa nataka kuoa, na naogopa. Niambie tu, nioe au nisioe?"

Tausi akagonga chini ya kiganja cha Sorath. Harufu ya hina ikampanda puani.

Neno moja lingetosha. Angenong'ona "oa" ndani ya shimo lile, Sarang angedhani ni Mumal, na kesho shangazi angebisha hodi na sinia la peremende. Alifungua kinywa. Akakifumba. Kisha akainama.

"Sarang, huyu ni Sorath. Siwezi kukujibia badala yake."

Vumbi likasugua ukuta.

"Umesikia yote?"

"Yote."

"Basi funga mnara ushuke, Bibi Upepo. Vumbi litaharibu vitabu." Sauti ilikuwa ya mtu aliyekwisha kukata tamaa.

Sorath alikishika kifuniko. Kilikuwa cha moto, kikihema kama ubavu wa mtu. Hakukifunga.

"Vitabu tutavipangusa," alisema. "Usimtume shangazi, njoo mwenyewe. Nataka unioe, Sarang. Na Mumal tusimzibe tena."