Mkono wa Babu kwenye Simu ya Bibi

Kila alipotoka shule, Chiriku alikuwa na kazi mbili kabla ya kuruhusiwa kucheza: kumpa bibi yake dawa ya shinikizo la damu na kumchajia simu. Jina la Chiriku alibandikwa na mama yake, mshonaji, kwa sababu binti huyo alianza kuongea kabla hajavua viatu, na hakunyamaza mpaka usingizi umchukue.

Simu yenyewe ilikuwa kuukuu. Mjomba wake, fundi simu, aliifufua kwa kuondoa mfumo wa zamani na kuweka mwingine uitwao Linux, akamfundisha Chiriku jinsi ya kuitunza. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Maandishi makubwa aliyasoma kwa kuyasogeza karibu na pua, lakini madogo kwake yalikuwa ukungu mtupu. Alikuwa ameingoja nafasi ya upasuaji kwa muda mrefu, na daktari alikuwa ameshasema bila kuficha kwamba shinikizo likipanda, hampasui.

Babu alifariki mwaka uliopita. Alikuwa mchora mabango, na mtaa mzima ulisoma mkono wake: kwa kinyozi, kwenye duka la dawa, hata juu ya lango la shule. Mikia ya herufi zake ilijikunja kama ndoana. Sebuleni kilibaki kibao alichowaonyesha wateja, chenye herufi na tarakimu zote. Chiriku alikipiga picha, akazifuatisha herufi moja moja kwenye kompyuta ya karakana ya mjomba, mpaka zikawa fonti, yaani maumbo ya herufi ambayo simu inaweza kuandikia.

"Hapo umeweza," mjomba alimwambia. "Lakini ijaribu hapahapa kwanza. Simu ya bibi yako usiiguse bila kumwuliza mwenyewe."

"Sawa, Mjomba."

Sikio la kufa halisikii dawa. Alasiri ileile, bibi akiwa amelala, Chiriku alinakili faili la fonti kwenye folda iliyofichwa, akafungua dirisha jeusi la amri, akaiamuru simu izisome upya fonti zake. Kisha akachagua fonti ile itumike kila mahali. Kioo kikazima. Kilipowaka tena, saa ilikuwa imeandikwa na babu.

Ile saba yenye mkia alimwona babu akiipaka rangi mara nyingi, ncha ya ulimi ikichungulia pembeni mwa mdomo. Dakika ikageuka, na mkono uleule ukaandika nane, bila mtu. Chiriku alifurahi na kuogopa kwa pamoja. Akairudisha simu kando ya mto wa bibi, akatoka haraka kumnunulia mama uzi.

Aliporudi, alimkuta bibi ameketi akiutazama mlango. Amevaa nguo zake za safari, na kando yake alikuwa amesogeza kiti cha babu, ambacho hakuna aliyekikalia tangu mazishi.

"Pita polepole, mjukuu wangu," alisema. "Babu yako ameniandikia."

Alimpa simu. Kwa herufi zenye ndoana iliandikwa: Jiandae. Kesho asubuhi nakuja kukuchukua. Usibebe kitu chochote. Juu yake, kwa herufi ndogo ambazo macho ya bibi hayakuzifikia, lilikuwapo jina la mjomba. Chiriku alielewa papo hapo kwamba nafasi ya upasuaji imepatikana.

"Bibi, huu ujumbe..."

"Nimeishi naye tangu nikiwa msichana. Mkono wake nitaukosea?" Bibi alikipapasa kioo kwa kidole. "Hakunisahau." Akatabasamu, tabasamu ambalo Chiriku hakuwa ameliona tangu babu azikwe. Chiriku, msemaji wa nyumba nzima, hakutaka kuliondoa, akamrudishia simu.

Bibi alivua hereni zake na kumtilia mkononi. Za kwako hizi, alisema, na funguo za kabati mpe mama yako. Jua lilikuwa likizama na sebule ikawa nusu giza. Simu ikalia tena, kioo kikammulika bibi usoni: Acha mlango wazi. Nitafika mapema.

Bibi aliinuka akipapasa ukuta, akaliondoa komeo. Mlango ukajifungua wenyewe kidogo kidogo, upepo ukaingia.

"Unasikia harufu ya rangi?" bibi aliuliza.

Chiriku aliisikia, au alidhani anaisikia. Akakimbilia kazi anayoijua, akaleta dawa na maji. Bibi alivifumba vidole vya mjukuu wake juu ya vidonge.

"Mtu anayengoja kuchukuliwa ana haja gani na dawa?"

Hapo Chiriku aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa mzimu wowote. Akisema, lile tabasamu litakufa na mjomba atamjia juu. Akinyamaza, bibi ataamka na shinikizo limepanda, au asiamke.

"Bibi, aliyeandika ni Mjomba," alisema, machozi yakimtoka. "Anakupeleka hospitali ya macho. Mkono ni wa Babu, lakini mimi ndiye niliyeuweka kwenye simu. Sikukuomba ruhusa."

Aliifuta fonti pale pale, bibi akitazama. Ujumbe ukarudi ukiwa na herufi za kawaida, zisizo na mikia. Bibi aliusogeza puani, akausoma, akausoma tena. Mama akarudi kutoka kazini, akawasha taa. Kisha bibi akasema, "Leta hizo dawa."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Bandeji zilipotolewa, bibi alimwita Chiriku mbele ya mjomba.

"Najua ulifanya kwa mapenzi," alisema. "Lakini mkono wa mtu ni kama sauti yake. Usiuazime bila kuomba, na asiyekuwapo usimtie maneno ambayo hakuyasema. Tena uliponiona nimepotea, ulinyamaza ili nisihuzunike. Huruma hiyo, mjukuu wangu, ingenizika. Ukweli wako ulichelewa, ukaniliza, lakini ndio ulionimezesha dawa."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Sasa nirudishie zile herufi. Leo nakuruhusu mimi mwenyewe."

Kesho yake, langoni mwa shule kabla ya kuingia darasani, Chiriku aliazima simu ya mama aliyemsindikiza, akaandika. Nyumbani simu ikalia. Bibi aliishika mbali na pua, akasoma kwanza jina lililo juu, kisha maneno yenye ndoana: Bibi, ni mimi Chiriku. Umemeza dawa?

Akacheka peke yake, akavuta kikombe cha maji.